Tukopeshe Vyuo Vyetu, Tupewe Karatasi



Leo nataka tuzungumze juu ya majengo ya vyuo vyetu na franga za kuyajenga. Nina pendekezo moja, na nalitaja mapema ili asiyelipenda aanze kutafuta hoja za kulipinga: tumechangia vya kutosha, sasa tukopeshe. Mtu akitoa dolari 50 kwa ajili ya nyumba ya wanafunzi au labo ya chuo, apewe karatasi yenye jina lake, inayosema atarudishiwa lini, ataongezewa kiasi gani, na nani amesaini kwamba deni hilo ni juu yake.

Kule Tanga, kwenye pwani ya Tanzania, wamekwisha kufanya jambo la namna hii. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji huo, Tanga UWASA, iliuza hatifungani, yaani hati za mkopo, za shilingi bilioni 53.12. Muda wake ni miaka 10, faida yake asilimia 13.5 kwa mwaka, na fedha zilizoletwa na wakopeshaji zilipita kiasi kilichoombwa. Fedha ni za kupanua mitambo na mabomba ya maji, na deni linalipwa kutokana na bili za maji. Hapo hakukopa rais wala waziri wa fedha. Ni shirika la umma la mji mmoja lililosimama mbele ya watu na kusema: tukopesheni, mtalipwa kutoka mfuko huu mnaoujua.

Mbali zaidi, huko California, Marekani, vyuo vya wananchi hujengwa kwa njia hiyohiyo. Ni vyuo vya miaka 2, ambamo kijana wa mtaani anajifunza uuguzi, umeme au hesabu za biashara kwa ada ndogo. Chuo kikitaka kujenga, wakaaji wa eneo wanapiga kura kwanza. Wakikubali, chuo kinauza hati za mkopo, na deni linalipwa kwa kodi ya nyumba na viwanja ya wakaaji haohao waliopiga kura. Nitarudi California baadaye kidogo, maana kuna mahali walijikwaa vibaya, na ni vema tujue ni wapi.

Lakini tuanze na sisi wenyewe, kwa sababu hakuna mji wa Kongo wenye haki zaidi ya kuzungumza habari hii kuliko Butembo.

Kutoka mwaka 1971 mpaka 1981, vyuo vikuu vyote vya nchi hii vilikuwa chombo kimoja cha serikali, UNAZA. Mtoto wa Lubero aliyetaka kuwa daktari au mwanasheria aliaga nyumbani akaenda Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, na wazazi wake wakauza walichokuwa nacho ili afike huko. Mwaka 1989 Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha hapa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Ulikuwa wakati ambapo serikali ya Mobutu ilikuwa inashindwa hata kuwalipa vizuri walimu wa shule za msingi. Fedha za kujengea hazikushuka kutoka Kinshasa. Wenye maduka walitoa, wakulima walitoa, parokia zilitoa, na ambaye hakuwa na franga alitoa mikono yake. Leo, ukikutana na daktari kijana katika hospitali ya Kyondo au ya Oicha, kuna nafasi kubwa kwamba alisomea hapahapa, katika chuo kilichojengwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuingia chuo chochote.

Kazi ile naiheshimu kwa moyo wote. Ila ilikuwa na kitu ambacho hatuwezi kukinunua tena kwa bei yoyote: watu walimwamini mtu mmoja. Kataliko alisema, watu wakatoa, na hakuna aliyedai karatasi. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Imani ile haikugawanywa kama urithi kwa kila mkubwa wa chuo, kila meya, kila mweka hazina wa komite aliyekuja baada yake, na si haki kumdai mwananchi amwamini kila mtu kwa kiasi kilekile.

Tangu wakati huo tumeendelea kutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu walipokuwa hawalipwi, wazazi walianza kuwalipa, na yale malipo yaliyoitwa ya muda yakakaa karibu miaka 30, mpaka tangazo la elimu ya msingi bila malipo la Septemba 2019. Vyuo navyo vina minervali, yaani ada ya masomo, na juu ya minervali kuna malipo mengine yenye majina mengi. Ni mzazi gani anayenisikiliza asubuhi hii ambaye hajawahi kulipia jengo ambalo hakuliona likiisha? Sitaji chuo wala shule, kwa kuwa sitaki kumshtaki mtu hapa redioni. Nasema tu kwamba mzazi yule, akienda kuuliza, anaambiwa asante kwa moyo wako wa kujitolea. Na kweli, alijitolea. Aliyetoa zawadi hana mlango wa kubisha. Aliyekopesha anao, na anaweza kuubisha kila mwaka tarehe ileile.

Kuna wazee wanaojua kwamba Butembo ilikwisha kukopesha, tena fedha nyingi. Wakati wa vita, waasi wa RCD-K/ML walipotawala huku, wafanyabiashara wakubwa waliwalipa watawala mapema ushuru wa bidhaa ambazo hazijafika, kisha mizigo ilipoingia Kasindi wakapunguziwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya mpango huo, na wachunguzi wa vyuo vya Ulaya pia. Mimi nauona kama mkopo kamili. Mkopeshaji alijulikana, mkopaji alijulikana, mfuko wa kulipia ulikuwa mpaka wa Kasindi. Kilichokosekana ni daftari la wazi. Mama anayeuza mboga sokoni hakujua kwamba ushuru uliotakiwa kutengeneza barabara anayopitia ulikwisha kuliwa kabla lori halijafika. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mkopo ni jambo la Wazungu tusiloliweza. Tunaliweza sana. Swali ni kama tutaliweza mchana, mbele ya watu wote.

Na watu wadogo nao wanaliweza. Kila kartie ina likirimba, mchango wa kupokezana. Kila kijiji chenye wanawake wa kakao au wa kahawa kina avek, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na kisanduku chake chenye funguo zinazokaa kwa watu mbalimbali. Kila wiki wanahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia salio, na mwisho wa mwaka wanagawana akiba pamoja na faida yake. Hawakwenda Marekani kujifunza. Hatifungani ni hesabu ileile iliyopanuliwa ikavuka mipaka ya kartie, na tatizo lote linatoka katika kupanuka huko: kwenye avek namjua mweka hazina na nyumba anayolala, kwenye mkopo wa mji simjui.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo mapendekezo mazuri hufia. Tafuteni kalamu.

Tuseme tunataka kujenga homu, nyumba ya kulala wanafunzi, yenye vyumba 30, wanafunzi 2 kila chumba. Hao ni wanafunzi 60. Kila mmoja analipa dolari 12 kwa mwezi, kwa miezi 10 ya mwaka wa masomo. Zinaingia dolari 7,200 kwa mwaka. Ondoa 2,200 za mlinzi, maji, taa na kurekebisha mabati. Zinabaki 5,000. Nazisema namba hizi kama mfano, mwenye ujenzi atakuja na za kweli. Kama nyumba ile imegharimu dolari 60,000 na tumekopa zote kwa faida ya asilimia 5, zile 5,000 zitachukua karibu miaka 19 kumaliza deni. Miaka 19! Nani Beni au Butembo anaweza kuahidi kitu cha miaka 19, na sisi tunahesabu amani kwa wiki?

Lakini tufanye salongo, kazi ya pamoja isiyolipwa. Mchanga uchotwe na vijana, matofali ya kuchoma yaletwe na parokia na vijiji, mawe ya msingi yabebwe na wanafunzi wenyewe. Tuseme kazi hiyo inapunguza gharama, tunabaki na dolari 40,000 za saruji, vyuma, mabati, mbao na mafundi. Watu 800 wakikopesha dolari 50 kila mmoja, zimefika. Kwa kodi ileile ya wanafunzi, deni linakwisha katika miaka 10 na kitu. Hapo ndipo naiona njia yetu: mikono itolewe bure kama tulivyofanya siku zote, fedha zikopeshwe. Mikono ya mtu inarudi nyumbani jioni pamoja naye. Dolari 50 za mama mjane hazirudi zenyewe.

Mtaona sikuchagua oditwari, ukumbi wa masomo, wala biro ya rekta. Oditwari haiingizi kodi. Tukikopa ili tujenge oditwari, deni litarudi kwa mwanafunzi kupitia minervali, na mwanafunzi wa huku hana mgongo wa kubeba zaidi. Wapo waliokuja kutoka Kanyabayonga na vijiji vya kusini mwa Lubero tangu mwaka 2024 bila kitu mkononi. Wapo ambao shamba la baba liko upande wa Eringeti au Mbau na hakuna anayethubutu kwenda kulivuna. Kwa hiyo mkopo uanzie kwenye majengo yenye mapato yake: homu, au labo ya chuo cha utabibu inayopima pia damu za wagonjwa wa mji kwa malipo, au mashine za chuo cha kilimo zinazosaga na kukausha kahawa ya wakulima. Oditwari na maktaba zibaki kwa bajeti ya serikali pale chuo kilipo cha serikali, kama Chuo Kikuu cha Ruwenzori hapa Butembo na kile cha Semuliki kule Beni. Serikali isije ikatuona tunakopeshana ikadhani imesamehewa wajibu wake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwa mishahara ya walimu: wazazi walipoanza kulipa, serikali ikalala usingizi.

Kenya wana somo la kutuonyesha hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa maeneo mbalimbali walichanga harambee ili wajenge vyuo vya ufundi. Kule Nyeri, wakulima wa kahawa walichangia chuo cha Kimathi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kakamega walianzisha WECO, leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hayo ni matunda makubwa. Lakini vyuo vilivyotangazwa havikufunguliwa vyote, na mchangaji wa mahali ambapo chuo hakikufunguliwa hakuwa na hati ya kudai. Baadaye, mwaka 2017, serikali ya Kenya ilijaribu kuuza hatifungani kwa simu, M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000 tu, faida asilimia 10. Toleo la majaribio lilikwenda vizuri. Lile kubwa lililofuata lilitafuta shilingi bilioni 1 likapata kama robo yake. Watu wengi walijiandikisha, wachache wakanunua. Nadhani sababu si umaskini peke yake. Mkopo wa serikali ya mbali hauna uso. Mtu hawezi kutembea Jumapili baada ya misa kwenda kuangalia kama dolari zake zimefika kwenye lenta.

Na sasa nafika mahali pagumu zaidi, ambapo sitaki kupita haraka: nani atasaini?

Tangu Mei 2021 provensi yetu iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Gavana ni mwanajeshi, mameya wa Beni na Butembo wakawekwa kutoka polisi. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwanzoni mwa mwaka 2025, serikali ya provensi imehamia Beni. Sisemi juu ya mtu yeyote kati ya hao. Nasema kwamba mkopo wa mji unahitaji watu waliochaguliwa na wale watakaoulipa, na ambao wanaweza kuondolewa na watu haohao. Aliyeteuliwa kwa amri anaweza kuhamishwa kwa amri wiki ijayo, na saini yake ikabaki yatima. Kwa sababu hiyo sikubali kwamba mji ukope kwa niaba ya chuo, si wakati huu. Chuo chenyewe kikope, au jimbo Katoliki, au kanisa lenye chuo, au kopeki, ushirika wa akiba na mikopo, inayotambuliwa na Benki Kuu ya Kongo, na ardhi na jengo vikae kama dhamana iliyoandikwa.

Lakini hata chuo kikikopa, kura ipigwe. Msiseme haiwezekani. Tarehe 30 Desemba 2018, nchi nzima ilipokuwa inachagua rais na sisi tumeambiwa tungoje mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, watu wa Beni walifanya uchaguzi wao wenyewe. Walipanga mstari tangu asubuhi, wakanawa mikono kwa ajili ya ugonjwa, wakapiga kura kwenye karatasi, wakahesabu mbele ya macho ya wote. Kura zile hazikuhesabiwa Kinshasa. Lakini watu walioweza kuandaa uchaguzi ambao walijua hautahesabiwa, wakaufanya kwa utaratibu na utulivu, hawashindwi kukusanyika katika parokia na kartie wakajibu ndiyo au hapana juu ya homu moja ya vyumba 30. Na jibu likiwa hapana, liheshimiwe.

California sasa. Mwaka 2000 walibadilisha sheria: badala ya theluthi mbili za kura, asilimia 55 zikatosha kuidhinisha mkopo wa shule au chuo cha wananchi. Ili kufidia ulegevu huo waliweka masharti: orodha ya majengo itangazwe kabla ya kura, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iwepo komite ya wananchi ya kusimamia, isiyo na mfanyakazi wa chuo wala mwenye tenda. Masharti mazuri kabisa. Vyuo vya wananchi vya Los Angeles vikaidhinishiwa mikopo mwaka 2001, 2003 na 2008, jumla yake zaidi ya dolari bilioni 5.7. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times likatoa mfululizo wa makala juu ya fedha hizo: kazi zilizojengwa vibaya zikarudiwa, michoro iliyolipiwa ya majengo ambayo hayakujengwa, pesa zilizopotea kwa uzembe. Komite ya wananchi ilikuwepo wakati wote huo. Ilikuwepo, lakini haikuyazuia hayo.

Ndiyo maana, kwa upande wetu, komite peke yake hainitoshi. Nataka fundi wa kujitegemea, alipwe na wakopeshaji, si na chuo, apime kila hatua kabla fedha za hatua inayofuata hazijatoka: msingi, lenta, paa. Nataka daftari la wakopeshaji lisomwe kwa sauti, kama kwenye avek. Nataka iandikwe kabisa kama deni ni la dolari au la franka, maana tunajua jinsi bei ya dolari inavyomgeuka mtu. Nataka malipo kwa wakopeshaji yapitie simu, M-Pesa au Airtel Money, ili kila mmoja abaki na ujumbe kwenye simu yake, hata akikimbilia Bunia au Kampala.

Najua kuna anayesema: wewe unazungumza juu ya homu, na sisi tunazika watu. Ndugu yangu, mama yangu, nimekusikia. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni hayajatuacha. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua zaidi ya watu 2,200 huku kwetu na Ituri. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani alipigwa risasi hapa Butembo, ndani ya hospitali ya chuo kikuu chetu, akiwa kazini. Mimi sijengi hoja kana kwamba mambo hayo hayapo. Jengo linaweza kuchomwa, na deni halichomeki pamoja nalo. Kwa hiyo katika karatasi ya mkopo iandikwe mapema: vita ikifika, malipo yanasimama kwa muda fulani, hayafutwi. Tena tuanze na kidogo, jengo moja, mahali ambapo hata mwaka 2019 masomo yaliendelea. Anayekopesha akopeshe kile ambacho akikikosa kwa miaka 2 watoto wake bado watakula. Mwenye dolari 50 tu ndani ya nyumba asikopeshe. Alete mikono kwenye salongo, inatosha na inahesabika.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nina hofu moja kubwa kuliko vita: kwamba mwaka wa tatu au wa nne, vyumba vikijaa na kodi ikiingia vizuri, mtu atasema hizo 5,000 zitengeneze kwanza gari la chuo, wakopeshaji ni watu wa nyumbani, watangoja. Siku hiyo ndipo kila kitu kitavunjika, na hakuna mtu Butembo atakayekopesha chuo tena kwa kizazi kizima. Kwa hiyo kodi ya homu isiingie kabisa kwenye sanduku la chuo. Iingie kwenye akaunti yake yenyewe, yenye saini 3: ya chuo, ya wakopeshaji, na ya wanafunzi wanaolala humo. Mwanafunzi ndiye wa kwanza kujua chumba kina mtu au hakina.

Wakubwa wa vyuo wanaonisikia, nawaomba kitu kimoja chepesi kabla ya mkutano wowote. Leteni hapa redioni gharama ya jengo moja, moja tu, ukurasa mmoja: saruji mifuko mingapi, mabati mangapi, mafundi wangapi, kodi ya mwanafunzi kiasi gani. Tutausoma hewani asubuhi saa hii hii, kwa Kiswahili na kwa Kinande, mafundi wa mji watapiga simu kusema wapi bei imezidi, na mtapewa nafasi ya kuwajibu.